Kuusifu Waya Unaokwaza Wageni

Waya wa mtandao haujapata mtu wa kuutungia sifa. Waifai husifiwa hata kwenye matangazo ya nyumba za kupanga, wakati mwingine kabla ya maji, lakini kebo ile ya buluu au ya kijivu inayotambaa kando ya ukuta na kupita chini ya zulia huonwa kuwa aibu ya sebule. Husukumwa nyuma ya kochi. Hulaumiwa kwa kukusanya vumbi, kualika panya na kuangusha wageni. Basi na iandikwe leo kwamba, katika nyumba iliyojaa vifaa vinavyojiita janja, huyu ndiye muungwana pekee.

Uungwana wake ni kutozungumza na asiyehusika. Ndani ya ganda lake mna nyuzi nane za shaba, zimesokotwa mbili mbili, na msokoto huo ndio unaopunguza kelele zinazoingia na zinazovuja. Kebo ya kawaida ya Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, kimya kimya. Waifai ni mpiga mbiu: ruta hutangaza jina lake kama mara kumi kila sekunde, kwa jirani na kwa mpita njia, bila kuulizwa. Mwaka 2010 Google ilikiri kwamba magari yake ya Street View, yaliyotumwa kupiga picha za barabara, yalikuwa yamenasa pia vipande vya mawasiliano kutoka mitandao ya waifai isiyolindwa kwa nywila. Kutoka kwenye waya uliolala chini ya zulia hayakuambulia hata baiti moja.

Mjuzi atadakia kwamba nywila ndiyo dawa. Ni dawa kweli, ila huchacha. Kinga ya kwanza, WEP, ilivunjwa mwaka 2001. WPA2 ikaaminiwa miaka mingi, hadi mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef alipoonyesha udhaifu ulioitwa KRACK, vifaa vikahitaji kusasishwa. Sasa ni nani aisasishe ruta ambayo fundi aliipachika ukutani, akasaini karatasi, akaenda zake? Waya hauna toleo jipya. Haujawahi kumwomba mtu akubali masharti ambayo hakuyasoma.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba waya haumfichi mtu kwa kampuni inayomuuzia intaneti, wala kwa televisheni yake mwenyewe. Hilo halina ubishi. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza shauri la televisheni zilizokuwa zikirekodi watu wanatazama nini, na taarifa hizo zingesafiri kwa shaba vizuri tu kama kwa hewa. Lakini hapo ndipo sifa yake kuu inapoonekana, kwani waya huchomoka. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, zote ni njema, na zote zinamtaka mwananchi awasilishe malalamiko kisha asubiri. Waya unataka kidole gumba juu ya kilimi cha plastiki. Ukiuvuta, taa inazimika, na televisheni ambayo haikuwahi kupewa nywila ya waifai haina pa kupeleka umbea wake.

Kuhusu kukwaza watu, mshtakiwa hana utetezi. Simu nazo hazina tundu lake, kwa hiyo waifai haihami leo. Iachiwe simu na wageni, na ikiwezekana mtandao wao uwe wa peke yake. Ila kompyuta ya kazini, televisheni na kamera ya getini hazitembei, na kisichotembea hakina sababu ya kupayuka hewani. Kinachohitajika ni kebo ya kutosha na klipu za kupigilia ukutani. Hata kile kilimi kikivunjika, kama kinavyopenda kuvunjika, kipande cha seloteipu kitaushikilia waya hadi mwisho wa mwezi.