Jinsi ya Kupanda Mlima na Watu Arobaini Usiowajua

Kila mwanzo wa wiki, bango jipya huingia kwenye simu za wakazi wa Nairobi: picha ya mlima uliotiwa kijani kuliko alivyouumba Mungu, tarehe ya Jumamosi, bei, na nambari ya kulipia kwa M-Pesa. Chini kabisa limeandikwa "Wote mnakaribishwa." Klabu za haiki zimejaa jijini, na mgeni anahitaji maelekezo ambayo bango halimpi. Haya hapa.

1. Jifunze kusoma bango

"Rahisi" maana yake kiongozi amewahi kupanda huko akiwa na mafua. "Wastani" maana yake utapanda ukijilaumu. "Mgumu" maana yake hata kiongozi ameona aibu kudanganya.

Ngong huandikwa "rahisi". Kilele chake kina mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,800, kwa hiyo kwenye karatasi umeshapanda sehemu kubwa ukiwa kitandani. Bango halisemi kwamba vilima vyenyewe ni saba, vimepanga foleni hadi Kona Baridi, na kila ukimaliza kimoja unaonyeshwa kingine. Tena kuna upepo. Mitambo ya kwanza ya umeme wa upepo iliwekwa hapo mwaka 1993, na mahali hapo hapakuchaguliwa kwa kura. Kofia isiyofungwa kidevuni ihesabu kuwa sadaka.

Mlima Longonot ni "wastani". Tutaurudia.

Elephant Hill, katika milima ya Aberdare, una zaidi ya mita 3,500, na njia yake hupita kwenye mianzi na tope kabla ya kukutoa kwenye baridi ya juu. Njiani kuna mahali wapandaji wanapaita Point of Despair. Mlima uliokutangazia mapema kiasi hicho hauna deni nawe.

2. Lipa, au jifunze kutolipa

Katika kundi la WhatsApp kuna orodha ya majina. Aliyelipa huwekwa tiki. Asiyelipa huandika, "Niwekee kiti, bosi, natuma jioni." Jioni hiyo haina tarehe. Ijumaa usiku, orodha ikishafungwa, atatuma pesa bila kuuliza, kisha aweke picha ya ujumbe wa malipo mbele ya watu wote kama hati ya shamba. Kiongozi, ambaye amechoka kugombana, atampa kiti cha nyuma kabisa, juu ya gurudumu. Asubuhi mtu huyo huyo ndiye atakayelalamika kwamba gari linaruka.

3. Vaa kama unayekwenda Himalaya

Januari 1943 wafungwa watatu wa vita, Waitaliano, mmoja wao akiwa Felice Benuzzi, walitoroka kambi ya Nanyuki ili wapande Mlima Kenya. Vifaa walijitengenezea kwa siri, na sehemu ya ramani yao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa chakula. Mmoja aliugua wakamwacha kambini kwao mlimani. Wawili wakafika Point Lenana, wakasimika bendera, kisha wote wakarudi Nanyuki kujisalimisha.

Wewe unakwenda Ngong na utakuwa nyumbani kabla ya taarifa ya habari. Hata hivyo usithubutu kutoka bila fimbo mbili za alumini, miwani inayobadilika rangi, na begi lenye bomba la kunyonyea maji. Utapitwa na askari wa msitu aliyevaa gambuti, bunduki begani, anayepanda huku akiongea na simu. Usimtazame sana.

Vitu vinavyohitajika kweli havivutii: viatu vilivyokwisha kuzoeana na miguu yako, maji lita mbili au tatu, koti la mvua, na kucha fupi. Kucha hazipigwi picha, ndiyo maana hakuna anayezikumbuka mpaka wakati wa kushuka, kila kidole kinapogonga mbele ya kiatu kikidai haki yake.

4. Fika kwa wakati wako

Gari linaondoka Archives, katikati ya jiji, saa kumi na mbili kamili. Neno "kamili" lipuuze. Saa kumi na mbili na robo kiongozi atapiga simu, nawe utajibu, "Niko hapo tu, nakaribia," huku nyuma ya sauti yako maji ya kuoga yakimwagika. Ukifika saa moja kasoro dakika tano, ingia ukitabasamu, uulize, "Kwani bado tunangoja nani?"

5. Jitambulishe kwa unyenyekevu

Langoni mtasimama duara. Kila mtu atataja jina lake, kazi yake na mlima wake wa mwisho. Wengi watasema wameletwa na rafiki, ambaye ataangalia pembeni. Mwogope yule anayesema, "Mimi huwa nakimbia kidogo tu asubuhi." Hutamwona tena mpaka wakati wa chakula.

6. Chagua pa kutembea

Ndani ya nusu saa msafara utakatika vipande vitatu. Mbele wapo wenye saa za kuhesabu hatua. Hawa hawakuja kuona mlima, wamekuja kuushinda, na mazungumzo yao ni ya nambari. Katikati ndiko kwenye uhai: habari za kodi ya nyumba, bosi asiyepandisha mtu cheo, na ndoa za watu ambao hawapo. Utajifunza mengi kuhusu Nairobi katika kilomita tatu za katikati kuliko katika mwaka mzima wa kuishi ghorofa moja na jirani asiyejibu salamu. Nyuma kabisa yupo anayepanda kwa mara ya kwanza, na pamoja naye kiongozi wa nyuma, ambaye klabu humwita swipa.

Kipande chochote utakachochagua, jua hesabu. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni inayotumika mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita tano, uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Sasa chukua Longonot. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita tatu na kitu, kuuzunguka ukingo ni saba na kitu, kisha unarudi kwa zile tatu. Kilele, chenye mita 2,776, kiko zaidi ya mita 600 juu ya lango. Kanuni inakupa karibu saa nne.

Naismith hakujua habari za picha. Ongeza dakika tano kwa kila mwamba unaokalika, na mbili kwa kila anayeinama kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka, ili ahemee huko chini bila kuonekana. Saa nne zitakuwa saba, na hakuna aliyepotea.

7. Uliza "Bado mbali?"

Uliza mara nyingi. Kiongozi ana jibu moja tu: "Ni hapo tu, dada. Dakika ishirini." Amelitoa langoni, atalitoa ukingoni, na ukikutana naye sokoni Jumanne atalitoa tena. Usimwite mwongo. Mtu aliyeambiwa "saa mbili na nusu, tena sehemu ngumu bado iko mbele" hukaa chini, na aliyekaa chini huwa na uzito usiobebeka. Dakika ishirini ni dawa, na hupewa mgonjwa kwa kiasi anachoweza kumeza.

8. Fika kileleni, umalize haraka

Kama ni Longonot, chini yako kuna kreta yenye msitu wake ndani, na ng'ambo Bonde la Ufa limetandazwa mpaka macho yachoke. Yape mgongo yote. Simama mahali penye foleni ya kupiga picha, nyosha mikono, tabasamu kama ambaye hakutaka kulia kilomita moja iliyopita.

Kisha chakula. Aliyebeba saladi ataangalia kwa huzuni chapati na mayai ya kuchemsha ya jirani yake, na jirani atamkatia kipande kabla hajaombwa. Takataka teremka nazo. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu ya hifadhi, na kisingizio cha "nitaiokota nikirudi" kimekuwepo mlimani muda mrefu kuliko chupa yenyewe.

9. Ukishindwa, shindwa kwa heshima

Kuna wenzako wakubwa. Tajiri mzaliwa wa Marekani, William Northrup McMillan, alifariki mwaka 1925, na nia ilikuwa azikwe kileleni mwa mlima wa Kilimambogo. Mwinuko ukawashinda waliompeleka, wakamzika njiani, na kaburi liko hapo hadi leo kwenye barabara ya kupandia. Ikiwa mtu mwenye mali yote ile, ambaye hakutakiwa kutembea hata hatua moja, hakufika, wewe mwenye mkopo wa sako na goti bovu unajidai nini? Kaa kando ya njia, kula ndizi yako, ngoja wenzako warudi. Utakuwa umeuona mlima kuliko wao.

10. Rudi kwenye gari

Hapa ndipo elimu yote ya haiki inapofunguka, hasa kwa wale wa mbele. Walipanda kwa kasi, wakashuka Longonot wakiteleza kwenye vumbi la volkeno, wakafika garini saa nane, wakakaa. Saa tisa wamekaa. Saa kumi wamemaliza njugu na wameanza kuulizana maswali ya maisha. Gari haliondoki bila mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho ndiyo kwanza ameambiwa zimebaki dakika ishirini.

Kwa hiyo Jumamosi moja jaribu kutembea nyuma na swipa. Atakubebea begi bila kukuuliza uzito wako, atakuonyesha kinyesi cha nyati na kukuambia ni cha lini, na hatatazama saa. Mtafika langoni giza likinyemelea, nanyi mtapigiwa makofi na watu waliowangoja tangu saa nane, kila mmoja mwenye hasira iliyokwisha kupoa.

Wa kwanza kulalamika atakuwa dereva. Ameshinda amelala kwenye kiti chake, miguu dirishani, na sasa anataka kujua ni nini hasa mlichokuwa mkikifanya huko juu siku nzima.