Sifa za Mkoromo

Kila sauti kambini ina mtu wa kuitetea. Kwaya ina mwalimu wake, mahubiri yana mchungaji, hata kuni zinazopasuka motoni husifiwa na wanaosubiri mbuzi aive. Mkoromo peke yake hauna wakili. Hulaumiwa asubuhi kabla chai haijamiminwa, na mwenyewe huukana mbele ya watu wote. Nimejitolea kuusemea, kwa sababu katika wikendi nzima ya kambi ya wanaume wa kanisa sijaona mtumishi aliyefanya kazi kuliko huo.

Wasiozijua kambi hizi waambiwe kidogo. Waanglikana wa Kenya wana KAMA, Wakatoliki wana CMA, makanisa mengine yana vyama vyao vya wanaume, na mara kwa mara mwanamume huambiwa aache gari na rimoti, abebe blanketi, akalale hemani na wenzake ili apate kufunguka. Naivasha hupendwa. Si mbali na Nairobi, migunga ina kivuli, na ziwa lipo. Tangazo halisemi kwamba ziwa hilo liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kwamba baridi ya saa nane usiku haijali kama wewe ni mzee wa kanisa. Basi watu wazima wanne, soksi mbili mbili na kofia za sufu, wanafungiana zipu ndani ya turubai moja.

Jumamosi mchana ndio wakati rasmi wa kufunguka. Viti vya plastiki vimepangwa duara. Msemaji amekuja na projekta isiyo na pa kuchomekwa, kwa hiyo anaomba kila mmoja aseme kinachomlemea moyoni. Wa kwanza anamshukuru Mungu, yuko sawa. Wa pili naye yuko sawa. Wa tatu anaomba tuiombee nchi. Nchi! Mtu ambaye mwenye nyumba amemfungia duka kwa kufuli anaombea nchi. Duara linapokamilika imebainika kwamba hakuna hata mmoja wetu mwenye shida, na kikao kinafungwa mapema kwa kuwa ubavu umeiva.

Ngoja sasa ifike saa sita usiku. Mwenyekiti, ambaye mchana alikohoa mara tatu ndipo akatoa sentensi moja, anasimulia kila kitu. Wake ni mlio mrefu wa mtu aliyechoka muda mrefu na hajaambiwa pole. Mweka hazina anakoroma vipande vipande, kama anayehesabu sarafu za sadaka na kila mara zinapungua. Kijana pekee wa kundi ana kamkoromo kembamba, kenye haya, kanakoomba ruhusa. Yule aliyekuwa sawa, analia kwa pua. Madaktari wanaeleza kwamba mtu akilala misuli ya koo hulegea, njia ya hewa ikawa nyembamba, na kaakaa laini na kimio vikaanza kutetemeka. Akilala chali, hali huzidi. Kulegea huko ndiko msemaji alikotafuta mchana kutwa, tena alilipwa nauli.

Anayedhani jambo hili halina heshima katika imani na amkumbuke Yona. Dhoruba inapiga, mabaharia wanatupa shehena majini, nabii yuko chini tumboni mwa jahazi amelala. Waliokitafsiri kitabu chake kwa Kigiriki kabla ya Kristo hawakuridhika na kulala tu, wakaongeza kwamba alikuwa akikoroma. Naona walikuwa wamewahi kusafiri na wanaume. Kwa upande wa rekodi, mwaka 1993 Msweden Kåre Walkert alipimwa hospitalini akifikia desibeli 93, na dunia ikamwandika kwenye kitabu cha mabingwa. Nasema bila chuki kwamba Naivasha haikualikwa kwenye mashindano hayo.

Mkoromo pia ni askari. Viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi, na mmoja anaweza kumaliza hadi kilo 40 kabla hakujapambazuka. Mlinzi wa kambi alituhakikishia kwamba ua wa umeme ndio unaowazuia. Mimi nimelala ndani ya ua huo, nimesikia kilichokuwa kikitoka kwenye hema la wazee, na nina maoni tofauti. Kiboko ni mnyama wa mipaka. Akisikia dume jingine limeshatangaza eneo, atafikiria mara mbili.

Lakini kazi kubwa ya mkoromo ni ya ushahidi. Nyumbani mke amesema miaka na miaka, "Baba Wanjiru, unakoroma, halafu unanyamaza hadi naogopa." Jibu ni lile lile, kwamba anaota. Neno la mtu mmoja. Kambini mashahidi ni watatu, wote wanaume, wote wenye macho mekundu, na Maandiko yanakubali idadi hiyo. Kwenye chai mmoja wao, fundi wa mabomba asiyejua kupamba maneno, alimwambia mwenyekiti, "Mzee, usiku pumzi yako ilikatika. Nikakaa nikihesabu. Ilirudi kwa kishindo. Ikakatika tena." Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikoroga chai isiyo na sukari, kisha akasema kumbe ndiyo maana husinzia akiendesha gari, na kwamba hajawahi kumwambia mtu. Hospitali hutibu hali hiyo, na asubuhi ile alitajiwa kliniki mbili na dawa tatu za mitishamba. Katika kambi nzima hayo ndiyo maungamo pekee niliyoyasikia yakitoka kwa hiari, na hayakutokana na projekta.

Nasikia kamati inapendekeza kwamba mwakani wanaokoroma watengewe hema lao kando ya ua. Napinga. Wachanganywe, mmoja kwa kila hema, wenye mlio mkubwa wapewe wenzao walio wepesi wa kuamka. Na atakayepatikana na pamba masikioni alipe mbuzi, supu na mutura vikiwa juu yake.