Kizazi cha Pili, Bosi Wangu

Kariakoo ukiulizia kompyuta ya mezani ya bei poa, utajibiwa kwa stika: "Core i5 hii, bosi wangu, mzigo wa Dubai!" Kizazi cha prosesa hakitajwi, umri wake ni siri kama wa bi harusi. Ukifungua kava, ni kizazi cha pili, cha 2011, na feni imevaa sweta la vumbi. Windows 11 inadai angalau cha nane. Windows 10 Microsoft iliitupa mkono Oktoba 2025. Lakini umepewa mausi ya bure! Baadaye fundi ataongeza RAM, SSD na pawa saplai, nawe utalalamikia ujira wake. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Mafundi wanaomba msiwasikilize.