Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mikopo ya Nyumba

Ndugu Mkuu wa Idara ya Mikopo ya Nyumba, benki ambayo jina lake nalificha kama yenyewe inavyolificha faili langu,

Naomba uisome barua hii kabla haijaisha muda wake.

Mwezi Machi ofisa wako aliniahidi majibu ndani ya siku 14 za kazi. Leo ni Novemba. Kosa ni langu, sikuuliza kazi yenyewe inaanza lini.

Salari slipu za miezi mitatu nilizoleta Machi zilikataliwa Julai, eti zimepitwa na wakati. Nilizikabidhi zikiwa bado na joto la mashine, zimezeekea kwenu. Ripoti ya mthamini, niliyoilipia mimi, nayo ikachakaa humohumo. Mthamini karudi Goba, kwenye nyumba ninayotaka kuinunua, na futi yake, kapima vyumba vilevile vitatu, kachukua hela nyingine. Choo kilikuwa hakijahama.

Kuna pia ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitaka pale nyumba ya familia inapowekwa rehani, na sina ugomvi nayo: haifai mama aje kujua habari za rehani siku dalali wa mnada anapogonga mlango. Ila mke wangu ameshasaini mbele ya wakili mara mbili. Hii ya tatu ameomba miwani, ameanza kuyasoma masharti. Mkichelewa tena, sidhani kama atasaini.

Hesabu yenu ya umri nayo haina huruma. Mkopo wa miaka 20 lazima uishe kabla sijastaafu nikiwa na 60. Nilipoomba nilikuwa na 39. Septemba nimetimiza 40, faili likiwa "kwa wakubwa", na sasa naambiwa nastahili miaka 19 tu, hivyo rejesho la kila mwezi litapanda. Yaani mmekaa na faili, na kodi ya meza nailipa mimi.

Msiniambie pesa za muda mrefu hazipo. Kampuni ya TMRC ilianzishwa mwaka 2010 kwa kazi hiyohiyo, kuzipatia benki fedha za kukopeshea nyumba. Na kama shida ni ofisi ya Ardhi, nipeni tarehe mliyopeleka maombi huko, niende mwenyewe. Nimeiuliza mara nne, nikajibiwa mfumo uko chini.

Muuzaji ni mzee mstaafu. Mkataba ulinipa siku 90. Ameziongeza mara mbili bila kudai senti. Juzi, baada ya shikamoo na marahaba, akaniuliza: "Mwanangu, benki yako hiyo iko Dar hii hii?" Nikamwambia iko, faili limefika kitengo cha sheria. Akanyamaza. Kisha akasema kuna kijana amekuja na pesa taslimu, na yeye angependa kunisubiri, lakini bati la kwa mwanawe linavuja na vuli haisubiri kikao.

Amenipa hadi Ijumaa. Kama jibu ni hapana, niandikieni hapana, yenye saini na mhuri, nikamwombe mzee malipo yangu ya awali angali ana moyo wa kuyarudisha. Nitakuwa hapo Alhamisi saa mbili asubuhi. Salari slipu mpya ninazo.

Wenu katika foleni,
Mwombaji wa tangu Machi