Orijino Kabisa

Kariakoo hakuna kitu kibovu. Zunguka Mtaa wa Kongo, katiza Msimbazi, shuka mpaka Gerezani kwenye vipuri vya magari: kila utakachouliza ni orijino. Hata kile ambacho mwenye duka mwenyewe hathubutu kukipeleka nyumbani kwake.

Neno hili tumelitoa kwa Waingereza likiwa na maana moja ya heshima: kitu chenyewe, kilichotoka kwa aliyekibuni. Sisi tukalipandisha vyeo. Siku hizi kuna orijino, kuna orijino kabisa, halafu kuna orijino yenyewe, ambayo hutajwa kwa kunong'ona huku muuzaji akichungulia mlangoni kana kwamba anakuuzia siri ya serikali. Feki nayo ipo, ila huuzwa duka la jirani tu. Mafundi magari wameona orijino limechakaa, wakahamia jenuini. Ulizia shokapu, utawekewa mbili zinazofanana mpaka vumbi, moja bei mara tatu ya mwenzake. Tofauti yake? "Hii jenuini, bosi." Basi, maelezo yameisha.

Muumini mkubwa wa neno hili ni mjomba wangu. Alikuwa na simu ya laini mbili, yenye spika ya kutosha kuchezesha kigodoro na antena ya kuvuta ya kutazamia televisheni. Antena ilikosa kazi mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam mwisho wa mwaka 2012, lakini mjomba aliendelea kuivuta kila akitaka kupiga simu. Alidai inasaidia mtandao.

Kisha TCRA, wale wa Mamlaka ya Mawasiliano, wakatangaza kwamba simu bandia zingefungiwa saa sita usiku, tarehe 16 Juni 2016. Nchi nzima ikawa inabonyeza *#06# ili kupata namba ya IMEI, tarakimu 15, na kuituma kwenda 15090. Jibu lilileta jina na aina ya simu uliyonayo. Mjomba hakuona haja. "Niliambiwa orijino," alisema, na kwake huo ulikuwa ushahidi tosha. Binti yake akamwibia simu mzee akiwa msalani, akaituma namba. Likarudi jina la kampuni moja, na mgongoni mwa simu limeandikwa jina la kampuni nyingine kabisa.

"Baba, hii feki."

"Feki ni hao TCRA."

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Saa sita ikapita, mtandao ukakatika. Saa kumi alfajiri kengele ya daku ikalia kwenye simu ileile, ikaamsha mtaa mzima, pamoja na majirani wasiofunga. Mjomba akatoka barazani kifua mbele: "Si mlisema imezimwa?" Akala daku lake kwa raha, akiwa ameshavuta antena ili ampigie muuzaji kumpongeza. Alijaribu mpaka adhana.

Akabaki nayo hivyohivyo, tochi yenye redio. Alipofunga safari kwenda kudai fedha zake, alikuta duka linauza mapazia. Alikaribishwa vizuri sana. "Karibu mzee wangu, haya ya Uturuki, orijino." Aliondoka na ya madirisha mawili.

Wengi huwatupia lawama Wachina kwa haya yote. Ni uonevu. Sheria yetu ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963, kabla hata Muungano haujazaliwa, na hakuna anayetunga sheria ya wizi mahali pasipo na mwizi. Tume ya Ushindani hadi leo inakamata shehena na kuziteketeza, na nadhani moto huo ndio mahali pekee ambapo bidhaa hizo hazisifiwi.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wenye maduka. Tunajua. Tunajua kwamba raba ya elfu kumi na tano haikupita kiwandani inakodaiwa kutoka, na tumekuja kuinunua kwa sababu hiyohiyo, maana ile nyingine hatuiwezi. Mtu akiuliza, mwambieni, "Hii kopi, mzee, itakufikisha Idi." Tutalipa bila kubishana. Hata mjomba atalipa, mradi isiwe na antena.