Bunduki Iliyopigana Tanga

Mjomba wangu wa Columbus, Ohio, ana mambo mawili asiyokubali kubishiwa. La kwanza, wali wa nazi wa Tanga hauna mpinzani duniani. La pili, babu yake alipigana vita vya Tanga mwaka 1914 akiwa askari wa Mjerumani. La kwanza ukoo mzima tunaliafiki. La pili lina ushahidi wa picha moja ambayo unyevu umeitafuna uso, ukabakiza kofia na masharubu.

Basi jirani yake alipomdokeza kwamba kwenye maonyesho ya bunduki kuna muuzaji mwenye Mauser, bunduki ya Kijerumani, iliyotoka Tanga, alinipigia simu kabla hata jua halijachomoza. "Mwanangu, bunduki ya babu imepatikana!" Kati ya jirani na simu, habari ilikuwa imeshanenepa.

Mimi kazi yangu ni kukarabati samani za kale, na kwa sababu hiyo ndugu zangu huamini naweza kukagua chochote chenye mbao. Si uongo mtupu. Bunduki ya kijeshi ya zama zile, ukiipima kwa macho, nusu yake ni useremala.

Ukumbini kulikuwa na nyama kavu, visu, bendera, na bunduki za kutosha kuanzisha serikali. Ile yetu ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa cha kijani kama bibi harusi, na kwenye kitako chake pamechongwa: TANGA 1914. Mjomba akatamka "Subhanallah!" kwa sauti ambayo singemshauri mtu wa jina lake aitumie mahali pale. Kisha akaikumbatia. Hapo nikajua habari ya kupatana bei imekwisha, kwani mnunuzi aliyekwisha kukumbatia bidhaa hana tena mdomo wa kusema "punguza." Bei ilikuwa dola 1,800.

Nikaomba niishike, nikawasha tochi.

Nilianza na yale maandishi. Mbao iliyochongwa miaka zaidi ya mia iliyopita, ikashikwa kwa mikono yenye jasho na kupakwa mafuta, huwa nyeusi hata ndani ya mikwaruzo. Ndani ya ile TANGA mbao ilikuwa nyeupe, mbichi, karibu itoe harufu ya msumeno. Muuzaji akasema askari yule alikuwa msafi sana. Mjomba akatikisa kichwa kwa fahari: "Babu alikuwa hivyohivyo."

Kitako chenyewe kilikuwa kimepigwa msasa mpaka kikalainika, kisha kikapakwa vanishi ya kung'aa, tendo ambalo katika ufundi wa samani za kale tungeliita mauaji. Utalijua kwa kupitisha kidole pale mbao inapokutana na chuma. Kiwandani mbao huachwa sawa na chuma au juu yake kidogo. Ikiwa imezama, ujue msasa umepita. Na msasa ukipita huondoka na mihuri ya wakaguzi, vile vitaji vidogo ambavyo Mjerumani alivigonga kila alipokubali kazi. Hapa hapakuwa na taji hata moja. Mjomba akasema babu hakupenda wafalme.

Halafu namba. Wajerumani walikuwa na maradhi ya namba. Namba ya bunduki waliigonga kwenye vipande vikubwa, na tarakimu zake mbili za mwisho wakazigonga hadi kwenye vichwa vya skrubu. Bunduki yetu iliishia na 46, komeo lake likaishia na 91, na skrubu kila moja ilikuwa na ukoo wake. "Jeshini watu huazimana," akasema Mjomba. Nikamweleza kwamba komeo la bunduki nyingine si suala la urembo tu: lisipokaa sawasawa nyuma ya risasi, ganda linaweza kupasuka usoni pa mpigaji, na fundi wa bunduki lazima alipime kwanza kwa vipimo vyake. Akasema hana nia ya kuipiga, ataitundika sebuleni karibu na picha ya masharubu.

Ikabidi nitoe turufu. Juu ya chuma kinachoshika mtutu, kiwanda cha Mauser cha Oberndorf kilikuwa kimegonga jina lake na mwaka: 1917. Vita vya Tanga vilipiganwa tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914. Nikamwelekezea mwanga bila kusema neno.

Mjomba akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena.

"Ilikuja baadaye," akasema. "Wakachora kwa kumbukumbu."

"Mjomba, ilikuja na nini? Waingereza walikuwa wameziba bahari. Meli ya Rubens ilijipenyeza hadi ghuba ya Manza, hapo karibu na Tanga, Aprili 1915. Marie ikafika Sudi, kusini, Machi 1916. Baada ya hapo haikuja nyingine."

"Na lile puto?"

Nilisahau kwamba mzee huyu anasoma. Puto lilikuwepo kweli: L59, zepelini ya Wajerumani, liliondoka Jamboli, Bulgaria, Novemba 1917, likiwa na shehena ya silaha na dawa za jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Lilifika anga ya Sudan, likaamriwa kwa redio lirudi.

"Silaha zilikuwemo?" Mjomba akauliza, macho yanang'aa.

"Zilikuwemo. Zikarudi Bulgaria."

Muuzaji, ambaye mpaka hapo tulikuwa tukimtafsiria kwa adabu, akaomba nimwandikie "L59" kwenye karatasi.

Nikasogea meza ya pili nipumue. Palikuwa na Martini-Henry, bunduki ya Kiingereza, yenye herufi za Malkia Victoria na mwaka 1905. Malkia alifariki Januari 1901, kwa hiyo ama alikuwa akikagua bunduki kutoka kaburini, ama hii ilizaliwa katika karakana za milimani kule Darra Adam Khel, Pakistan, ambako mafundi hunakili bunduki yoyote pamoja na mihuri yake.

Niliporudi nikaiona, imeegemezwa ukutani nyuma ya kiti cha muuzaji: Mauser ya muundo wa 1871, yenye kutu ya hapa na pale, milimita 11, risasi mojamoja. Namba zake zililingana kuanzia mtutu hadi komeo, na vitaji vilikuwa bado vinasomeka. Lebo yake ilisema dola 450 na halikufuata neno jingine. Na kwa kuwa ilitengenezwa kabla ya 1899, sheria ya Marekani huihesabu kuwa silaha ya kale, tofauti na ile ya 1917.

Nikamwita Mjomba, nikamweleza kwa furaha kwamba askari wengi wa Tanga walibeba bunduki za aina hiihii, za baruti nyeusi, na kila mmoja akipiga, wingu la moshi likawaonyesha Waingereza mahali alipolala. Kama babu alishika kitu, alishika kama hiki. Mjomba akakiri kwamba hata masharubu ya pichani yanaonekana yameungua kidogo.

Akatoa pochi. Tulipogeuka, muuzaji alikuwa na kalamu mkononi. Ile 71 sasa ilikuwa bunduki ya Tanga, dola 1,200. Ile ya 1917 ilikuwa imepakiwa kwenye puto, na bei yake imepanda nalo.

Mjomba alikataa katakata kulipia maneno yaliyotoka kinywani mwa mpwa wake. Tukala nyama kavu, tukarudi.

Ukipita Ohio ukaikuta ile ya puto, iache: komeo si lake na kitako kimeshauawa. Ile 71 ni nzima. Usitoe zaidi ya dola 450, na tafadhali, usimsimulie muuzaji chochote.