Njuga za Korongo

Jioni ya mechi, watu wakishateremka kutoka uwanja wa Nyamirambo, ule uliopewa jina la Pelé mwezi Machi 2023 wakubwa wa kandanda ya dunia walipokutana Kigali, vibaraza vya Biryogo hujaa maswali matatu: nani amecheza, nani ameharibu, na nani hajalipwa. Hilo la tatu huulizwa kwa sauti ya chini. Siku moja lilipoulizwa, mzee mmoja fundi cherehani aliyekuwa akinywa chai ya tangawizi pembeni yetu hakulijibu. Alisogeza kikombe, akafuta miwani kwa ncha ya kanzu, akaomba atusimulie habari za korongo. Naiandika hekaya yake kama nilivyoishika, kwa sababu tangu usiku ule sijaweza kutazama miguu ya mchezaji bila kuikumbuka.

Hapo kale, alisema, kwenye kinamasi cha Nyabarongo, pale mto unapopita chini ya Mlima Kigali, paliishi kundi la korongo wenye taji. Mali hawakuwa nayo, ila jina walikuwa nalo, kwani kila msimu makundi ya mabonde yote yalipokutana kushindana kwa kucheza, ndege wa kila namna, kwale na mnana na njiwa, walitoka alfajiri makwao ili wawahi kuwaona korongo hao wakifungua mbawa na kuzitikisa njuga walizofunga miguuni. Kila mtazamaji aliacha punje ya mtama mlangoni, na punje hizo ndizo zilizowalisha wachezaji na makinda yao. Ghala lilikuwa dogo, na mtunzaji wake alikuwa bibi mmoja wa kundi aliyekuwa na kamba ndefu ya mafunjo: kibaba kikiingia alifunga fundo, kibaba kikitoka alifungua fundo, na aliyetaka kujua kundi lina nini alinyooshewa kamba akahesabu mwenyewe.

Lakini nyakati zilibadilika. Ng'ambo ya pili palikuwa na kundi ambalo ghala lake lilijazwa na boma, na njaa haikupata kulifikia. Makinda wa bondeni nao walikuwa wamejipaka manyoya rangi nyekundu ya kundi moja la visiwa vya ukungu, mbali sana kaskazini, wakawajua wachezaji wa huko kwa majina na kwa mwendo, hata wakawa hawamjui jirani anayecheza mita mia moja kutoka kwenye kiota chao. Siku za mchezo wa nyumbani mlango ulianza kuwa mweupe. Korongo wakaona aibu, na aibu ni mshauri mbaya.

Hapo ndipo Kiboko alipoinua kichwa kutoka majini. Alikuwa tajiri wa mto, mwenye mashamba kingo zote mbili, na mzee alituonya tusimchukie mapema, kwa kuwa mapenzi yake kwa mchezo yalikuwa ya kweli. "Ndugu zangu," aliwaambia, "mimi sina mbawa, lakini mkiruka moyo wangu unaruka nanyi. Nipeni uongozi, nami nitawaletea wachezaji ambao bonde hili halijapata kuwaona." Wakamwita Mzee, wakampisha mahali pa juu. Kabla ya mwezi kuandama aliwaleta: mmoja kutoka misitu ya Kongo, wawili kutoka pwani ya magharibi jua linakozama, na mwingine kutoka ng'ambo ya bahari. Kila mgeni aliahidiwa pishi 10 kwa mwezi, hali mwenyeji aliyezaliwa kwenye mafunjo yale yale alikuwa akipata 2. Ngoma zilikesha usiku ule, na waliosema kwamba mcheza kwao hutunzwa waliambiwa wana wivu.

Bibi alihesabu. Kilichoingia mlangoni kwa mwezi kilikuwa pishi 30. Kilichoahidiwa kilikuwa pishi 54. Alikwenda na kamba yake hadi ukingoni, akainyoosha juu ya tope, akasema, "Mzee wangu, mafundo yameisha na mwezi haujafika nusu." Kiboko akamjibu kwa upole, "Bibi, kati ya ndugu hakuna hesabu. Pengo nitaliziba mimi." Na kweli alilijaza, mwezi wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Hakusema kama anachotoa ni zawadi au ni mkopo, na hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa ni vigumu kumuuliza anayekushibisha. Jamaa zake wakaanza kupita mlangoni bila punje. Mtama ukawa unahesabiwa usiku, gizani, na wachache. Kamba ya bibi ikatupwa kwenye matete. Aliifuata peke yake kulipokucha, akaikung'uta maji, akaificha chini ya kiota.

Msimu huo Mbayuwayu alifika, yule msafiri ambaye kila mwaka baridi ikianza kaskazini huja kwetu kutafuta joto, akakuta mabishano. Akawaeleza mambo ya huko atokako. Kwenye visiwa vya ukungu, alisema, kundi liliwekewa mpaka: hasara ya miaka mitatu isipite vikapu 105. Kundi moja la bandarini, la zamani na lenye heshima zake, lilipofikisha vikapu 124 na nusu, lilinyang'anywa alama 10 mashindano yakiendelea, likakata rufaa, likarudishiwa 4. Na katika bara la jirani, mwaka 2022 wazee waliandika kwamba kinachokwenda kwa wachezaji, yaani mishahara yao, bei ya kuwanunua na ujira wa madalali, kisizidi 70 katika kila 100 kinachoingia. Nao kwa kujua kwamba tabia haiachwi kwa siku moja, wakaweka ngazi za kushukia, 90 mwaka wa kwanza, 80 wa pili, ndipo 70.

Vijana wa kundi walikasirika. "Sheria hizo zimetungwa na walioshiba," walisema. "Mwenye shamba la kilima kizima akitumia 70 katika 100 zake bado ana mlima wa mtama, mwenye kijaruba akifanya hivyo atabaki na kijaruba chake milele, na mkubwa wa jana atakuwa mkubwa wa kesho." Hapo vijana hawakukosea, na mimi ninayeandika nakubaliana nao: mpaka wa kutumia unaweza kuwa ukuta wa kumlinda aliyetangulia. Ila bibi alisikia zaidi ya walichosema. "Wajukuu zangu," alisema, "hiyo ni sheria ya kiasi, na ina ubishi wake. Iko nyingine ambayo siuoni ubishi wake: uliyemwita aje kukuchezea, umlishe."

Mvua za masika hazikuwa nzuri mwaka ule. Kundi likashindwa mashindano mawili, la tatu likatoka sare, na Kiboko, aliyekuwa amezoea kushangiliwa, akaanza kukaa kilindini. Mwezi ukapita bila mtama. Wa pili ukapita. Wachezaji wakaambiwa wavumilie, wakavumilia. Wenyeji wakarudi kulala kwa mama zao, lakini mgeni hana mama wa kumrudia.

Yule mmoja wa pwani ya magharibi alikuwa na makinda matatu nyumbani waliomngojea. Usiku mmoja alikaa chini, akafungua njuga za mguu wa kulia, kisha za mguu wa kushoto, akazifunga moja moja kwa majani makavu ya mgomba ili zisilie njiani wenzake wakaamka. Alfajiri akazipeleka sokoni, akamwekea rehani kunguru mchuuzi, akapewa vibaba vitano. Vinne akavituma kwao. Kimoja akala. Jumamosi ilipofika aliingia uwanjani pamoja na wenzake, akaruka, akafungua mbawa, akaipiga ardhi kwa nguvu zake zote, na hapakusikika kitu. Watazamaji wakatazamana. Mmoja akasema huyu amechoka, mwingine akasema huyu anakula bure, na kwale, ambaye alikuwa ameacha punje yake ya mwisho mlangoni, akaanza kumzomea, na uwanja mzima ukamfuata.

Mzee alinyamaza kidogo hapo, na sisi, ambao saa mbili kabla tulikuwa tumemzomea mtu, hatukumhimiza aendelee.

Zaidi ya milima ya theluji, akasema, kando ya ziwa, lipo baraza la ndege wote wachezao, na baraza hilo limeandika kwamba mchezaji aliyekosa chakula cha miezi miwili ana haki ya kutoa onyo, akangoja siku 15, na asipolipwa akaondoka, na deni lake likabaki pale pale. Korongo wa magharibi alitoa onyo. Halikusomwa. Siku ya 16 aliruka. Baraza likatuma neno: mlipeni ndani ya siku 45, la sivyo mlango wenu wa kupokea wachezaji wapya utazibwa kwa miiba hadi mtakapolipa, na miiba inaweza kukaa misimu mitatu mizima ya kusajili. Kiboko akasema baraza liko mbali. Siku ya 46 miiba ilikuwa mlangoni.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Kiboko alikuja ukingoni mara moja tu, akasema moyo wake umechoka, anaacha uongozi. Kisha akasema jambo ambalo korongo hawakulitegemea, kwamba yale yote aliyotoa yalikuwa mkopo, naye anayo hesabu yake. Akazama. Wachezaji wengine wa mbali wakaruka mmoja mmoja, kila mmoja na dai lake. Kundi likabaki na jina, na miiba, na bibi.

Bibi aliitoa kamba chini ya kiota. Hakuitunza ndani safari hii. Aliitundika mlangoni, penye macho ya kila apitaye, akafunga upande mmoja mafundo ya madeni yote, akianza na yule aliyeuza sauti ya miguu yake. Kisha akawaita ndege wa bondeni, akawaeleza kilichokuwa ndani ya majani ya mgomba. Kwale alilia. Hakusema neno, alikwenda, akarudi na punje moja, akaiweka chini ya kamba. Nyuma yake wakaja mnana, maelfu yao, ndege wadogo, kila mmoja na punje yake mdomoni. Kwa muda wote ule kundi lilikuwa likiwaita watazamaji. Kumbe ndio waliokuwa ghala, na hakuna aliyepata kuwauliza wangependa liendeshwe vipi. Mtu akiniuliza ni wapi kosa lilipoanza, nitamwambia lilianza hapo, kabla Kiboko hajainua kichwa.

Kwa kuwa mlango wa wachezaji wapya ulikuwa umezibwa, walicheza na makinda wao. Walishindwa sana mwaka wa kwanza, hilo halifichiki. Ila Mbayuwayu aliporudi alileta habari. Kinda mmoja aliyelelewa kwenye mafunjo yale, aliyeachwa aende zake siku za Kiboko kwa kuonekana si lolote, ameuzwa na kundi moja la kaskazini kwa kundi jingine kwa bei kubwa, na sheria ya baraza inasema 5 katika kila 100 za bei hiyo zigawanywe kwa viota vyote vilivyomlea tangu mwaka wake wa 12 hadi wa 23. "Fungu lenu lipo," alisema, "leteni tu ushahidi wa miaka aliyokaa kwenu." Wakubwa wakaangaliana. Nani aliyeandika? Zama za Kiboko hakuna aliyeandika kitu. Bibi akaishika kamba, akaipapasa kurudi nyuma, nyuma kabisa, akafika kwenye mafundo madogo manne yaliyokaribiana, ambayo vijana walidhani ni kosa la mkono wa uzee. "Huyu hapa," akasema. "Nilimpa mtama kwa mkono wangu miaka minne, na kila mwaka nilimfungia fundo."

Fungu lile halikuwa utajiri, ila likichanganywa na punje za mnana lilitosha. Korongo wa magharibi aliitwa, akaja, akasimama mbele ya kamba akiwa amekonda, akalipwa kibaba kwa kibaba mbele ya bonde zima, na kila kibaba bibi alifungua fundo. Lilipobaki fundo moja, kunguru mchuuzi alijisogeza mbele akiwa amebeba kitu ndani ya majani ya mgomba. Kwale ndiye aliyekwenda kukikomboa. Korongo alivifungua vifurushi taratibu, akainama, akafunga njuga za mguu wa kulia, kisha za kushoto, akainua mguu mmoja, akautikisa.

Mlio ulikwenda hadi mtoni. Maji yakatikisika, yakatokea masikio mawili, kisha macho, kisha sauti ile ya upole tunayoijua: "Ndugu zangu, nasikia mnacheza tena. Mnahitaji nini?" Wengine wangegeuka. Lakini mchana ule mlango ulikuwa umeingiza ndege wengi, mtama ulikuwa umemwagwa juu ya mkeka hadharani, bibi yuko katikati na makinda wamemzunguka, na hakuna aliyeinua kichwa, kwa sababu hesabu ilikuwa imefika punje ya 312.